Mjomba, nina dola 900 na mbuzi 11: ninunue bunduki gani?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mzaliwa wa Kilosa, Morogoro, nina miaka 36. Nilikuja Marekani mwaka 2022 kwa bahati nasibu ya viza, na sasa nina grini kadi. Naishi nje kidogo ya Abilene, Texas, na mke wangu na mwanetu wa miaka 8. Mwaka jana tulipata nyumba yenye ekari 4. Tumefuga mbuzi, walikuwa 14 na sasa wamebaki 11, maana koyoti, mbwa mwitu wadogo wa huku, wamebeba vitoto vitatu tangu mvua za mwisho. Nguruwe pori nao waliingia usiku mmoja wakafukua viazi na mahindi yote, asubuhi ungedhani trekta limepita.

Babu yangu alikuwa na gobore la kulindia shamba. Mimi ndiye niliyekuwa nambebea baruti, kwa hiyo bunduki si kitu kigeni kwangu. Lakini za hapa sizijui. Kazini kila mtu ananishauri lake. Mmoja ananiambia ninunue AR-15 na niivalishe kila kitu: darubini, tochi, kishikio cha mbele, kitako kipya, triga mpya. Alinipigia hesabu ikafika dola 2,100. Wa pili anasema nichukue AK, yaani SMG zilezile tunazozijua, kwa kuwa ni rahisi na haziharibiki. Wa tatu anasema nianze na kabunduki ka .22, namba hiyo ikiwa upana wa risasi yake kwa inchi. Mimi nataka moja tu ya nusu-otomatiki, inayoweza kazi zote: koyoti, nguruwe, kulungu siku moja Mungu akipenda, na kujifunza shabaha. Nina dola 900.

Mdogo wangu anasoma chuo hapa kwa viza ya mwanafunzi na anaishi nasi. Amejitolea kuongeza 300, tayari amenikabidhi, na tumekubaliana itakuwa yetu sote wawili.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Mke wangu ni Mkongomani wa Uvira. Alikuja hapa akiwa binti, mkimbizi, baada ya mambo ambayo hajawahi kunisimulia yote. Nilipomtajia bunduki alinyamaza siku mbili. Nimewaza kuinunua kimya kimya na kuificha kwenye banda la mbuzi, asiione. Nifanyeje, Mjomba?

Mfugaji wa Abilene

*

Marahaba, mpwa wangu.

Kwanza mrudishie mdogo wako dola zake 300. Mrudishie leo. Bunduki tutaifikia, na nina mengi ya kukuambia juu yake, lakini hizo 300 ndizo zilizonifanya nikujibu wewe kabla ya walioniandikia mapema.

Sheria ya shirikisho hapa Marekani inamkataza mtu mwenye viza ya muda, mwanafunzi akiwemo, kununua bunduki na hata kuwa nayo. Ipo misamaha michache, mmojawapo ni kwa mwenye leseni halali ya kuwinda ya jimbo, lakini hiyo si ya kuchezea kwa makubaliano ya sebuleni. Wewe mwenye grini kadi unaruhusiwa, yeye haruhusiwi. Mkisema ni yenu wawili, mmemtia yeye kwenye kosa la jinai, na wewe uliyempa umeingia naye.

Dukani utajaza fomu inayoitwa 4473. Inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi wa bunduki hiyo. Kuna kesi moja ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 2014, ya mtu aitwaye Bruce Abramski, aliyewahi kuwa polisi huko Virginia. Alimnunulia mjomba wake bastola, mjomba akiwa amemtumia hundi ya dola 400. Mjomba mwenyewe alikuwa na haki kamili ya kumiliki silaha. Hata hivyo Abramski alitiwa hatiani, na majaji watano dhidi ya wanne wakasema hukumu isimame, kwa sababu aliandika kwenye fomu kuwa ananunua yake ilhali ananunua ya mwingine. Ikiwa hayo yalimpata raia aliyemnunulia mjomba wake mwenye haki, nawe unaitia sahihi fomu hiyohiyo huku robo ya fedha ni ya mtu asiye na haki, utasimama wapi? Tangu mwaka 2022 kununua silaha kwa niaba ya asiyeruhusiwa kuna kifungu chake chenyewe, na kifungo chake kinafika miaka 15.

Na wewe si raia bado. Mwenye grini kadi akihukumiwa kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao, hata awe ameishi hapa miaka ishirini na analipa kodi yote. Nimeona familia ikitengana kwa jambo la aina hiyo, na mzee mwenyewe hakumdhuru mtu yeyote. Kwa hiyo kwenye fomu, penye uraia andika Tanzania. Utaombwa pia namba yako ya uhamiaji, ile inayoanza na A, basi nenda na grini kadi na kitambulisho cha Texas chenye anwani unayoishi sasa. Muuzaji atawasiliana na mfumo wa ukaguzi wa FBI, ulioanza kufanya kazi mwaka 1998. Mara nyingi jibu hurudi hapohapo. Wahamiaji tunacheleweshwa zaidi kidogo, na ukiambiwa usubiri siku tatu za kazi, subiri kwa utulivu.

Usinunue kwa mtu usiyemjua kwenye maegesho ya magari, hata akupunguzie dola 200. Sheria ya Texas haikatazi mauziano ya hivyo, lakini hujui bunduki hiyo ilitoka kwa nani, na ikija kuonekana kuwa ni ya wizi, wewe ndiye utakayekuwa nayo.

Sasa tuje kwenye ekari zako 4. Kilosa ekari 4 ni shamba. Kwa risasi ni uani tu. Hata boksi za kale karisasi kadogo ka .22 zinaandikwa onyo kwamba kanaweza kufika maili moja hadi moja na nusu. Texas inazipa kaunti mamlaka ya kukataza kufyatua bunduki kwenye viwanja vya ekari 10 au pungufu vilivyo kwenye mitaa iliyopimwa nje ya mji. Piga simu ofisi ya sherifu wa kaunti yako, uliza kama kiwanja chako kimo. Na hata kama hakimo, ukiwa unawinda risasi yako ikivuka mpaka na kuingia kwa jirani asiyekupa ruhusa, umetenda kosa. Simama pale mbuzi wanapolala, utazame kila upande. Nyuma ya koyoti kuna nini? Kama ni nyumba, barabara, au giza tu, huna pa kupigia. Unahitaji kilima au ukingo wa udongo wa kupokea risasi.

Naomba usinichukulie vibaya nikikuambia kwamba watoto wa mbuzi wako wangeokolewa na uzio mapema kuliko bunduki. Wafugaji wa Texas wenye ranchi kubwa kuliko mtaa wako wanaweka mbwa wakubwa weupe wa Great Pyrenees ndani ya kundi, wanalala na mbuzi na kubweka usiku kucha. Wengine wanaweka punda. Punda jike mmoja, aliyezoeana na mbuzi, akimwona koyoti anamfuata kwa mateke. Sisi tuliokulia na punda wa kubeba maji hatukujua kwamba ana kazi hiyo. Bunduki inalinda mbuzi ukiwa macho na umesimama pale. Punda yuko zizini saa tisa usiku.

Lakini nguruwe hawamwogopi punda, na haja yako ni ya kweli, kwa hiyo tuingie kwenye bunduki.

Nusu-otomatiki maana yake ni kwamba kila ukivuta triga inatoka risasi moja, na nguvu ya hiyohiyo iliyotoka inatupa ganda nje na kuingiza risasi nyingine kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Ya pili haitoki mpaka uachie triga na kuivuta tena. Babu yako alikuwa na nafasi moja, kisha amimine baruti, ashindilie, na kufikia hapo nguruwe ameshavuka mto. Uzuri wa nusu-otomatiki kwa nguruwe ni kwamba ukimjeruhi unaweza kummaliza upesi asiteseke. Ubaya wake ni uleule: mwanafunzi anategemea risasi ya pili na hajifunzi kuiweka vizuri ya kwanza.

Yule wa .22 anakupenda. Ruger 10/22 imekuwa sokoni tangu 1964, utaipata kwa dola 300 hivi, risasi zake ni senti chache kila moja, haipigi teke begani na mlio wake ni mdogo. Kama ungetaka kulenga makopo na kuwinda sungura ningekuambia nunua hiyo ukalale. Lakini nguruwe wa kilo 80 si mnyama wa .22. Utamtoboa, atakimbia, atakufa siku ya tatu kwenye kichaka cha jirani. Na kulungu kwa risasi za aina hiyo, ambazo fataki yake iko kwenye ukingo wa ganda, Texas imekataza.

AK naijua inavyotuvuta. Tumeiona kwa mgambo, tumeiona kwa askari wa benki, imechakaa kitako na bado inafanya kazi. Na hapa Marekani kweli iliwahi kuwa bunduki ya mtu wa kipato cha chini, risasi za Kirusi zikiuzwa kwa maboksi makubwa bei ya kutupa. Mwaka 2021 serikali iliweka vikwazo vya kuingiza risasi kutoka Urusi, na AK zenyewe zikapanda. Iliyotengenezwa vizuri sasa itakumalizia fedha zote kabla hujanunua risasi moja, na iliyotengenezwa vibaya ni hatari kwa uso wako. Rafiki yako anakupa bei ya zamani.

Kwa hiyo ni AR, ila si ile ya dola 2,100. Herufi hizo mbili zinatoka kwenye jina la kampuni ya ArmaLite, iliyoibuni miaka ya 1950, mhandisi wake akiwa Eugene Stoner. Colt ikaanza kuiuza kwa raia mwaka 1964. Hataza zilipokwisha muda katika miaka ya 1970, viwanda vingine vikaanza kuitengeneza, na leo vipuri vya huyu vinaingia kwenye bunduki ya yule kama spoku za baiskeli ya Phoenix, unazipata duka lolote na zinakaa. Ndiyo sababu imekuwa rahisi, na ndiyo sababu nakushauri uanze na ya kawaida kabisa: kila unachokosa leo unaweza kukifunga mwenyewe baada ya miaka miwili, kwa bisibisi na nusu saa.

Tazama Ruger AR-556, Smith & Wesson M&P15 Sport, au za Palmetto State Armory. Ziko kati ya dola 500 na 700, na zikishuka bei unapata hata chini ya hapo. Nimezishika zote tatu na nimefundishia mbili. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu aliyefanya mazoezi na asiyefanya, basi chukua ile iliyo dukani kwa 550 na usisumbuliwe na mabishano ya watu.

Ukiishika, soma maandishi yaliyo kwenye mtutu. Yanataja aina ya risasi inayoingia humo. Unataka 5.56. Mtutu wa 5.56 unakula risasi za 5.56 na za .223 bila shida. Mtutu ulioandikwa .223 Remington peke yake haustahili kulishwa 5.56, kwa sababu shinikizo ndani ya chemba linapanda kuliko ulivyojengewa. Risasi hizo mbili zinafanana kwa macho hata mzoefu anachanganya, kwa hiyo jiondolee mtihani huo mapema. Kuna chemba ya tatu, .223 Wylde, nayo inapokea zote. Urefu wa mtutu uwe inchi 16. Chini ya hapo ni silaha inayotakiwa kusajiliwa kwanza serikali kuu kwa sheria ya mwaka 1934, na mhamiaji hana sababu ya kuingia huko. Utasikia pia habari za msokoto wa mifereji ya ndani ya mtutu, 1:7, 1:8, 1:9. Wowote kati ya hiyo utakutosha kwa masafa yako.

Na iwe inakuja na saiti za chuma tayari, yaani vilengeo, ya mbele na ya nyuma. Hili lisikupite. Bunduki nyingi za bei nafuu zinauzwa bila saiti yoyote, muuzaji akijua utarudi kununua darubini.

Hesabu yako ya 900 naiona hivi. Bunduki ya 550, na kodi ya mauzo ya Texas ikifika 8.25 kwa mia, inakuwa 595. Kabati la chuma lenye kufuli, 110. Kinga za masikio na miwani kwa watu wawili, 60. Mkanda wa kubebea, 20. Magazini ya ziada, yaani kisanduku cha kujazia risasi, 15. Zinabaki 100, nazo zote ni za risasi, karibu 200 kwa bei ya senti 50 moja. Imeisha. Hakuna tochi, hakuna kishikio, hakuna triga mpya. Triga iliyokuja nayo ni nzito kidogo, na kwa mwanafunzi huo uzito ni ulinzi.

Masikio nataka tuyakalie kidogo. Mlio mmoja wa bunduki kubwa ni kama desibeli 160. Madaktari wa masikio wanasema mlio wa ghafla unaozidi 140 unaweza kuharibu mara moja, na sikio la ndani likishakufa halioti tena. Mimi nilipokuwa kijana niliwinda misimu mitatu bila kuziba chochote kwa sababu wenzangu hawakuziba. Sikio langu la kushoto, lililo karibu na mdomo wa mtutu kwa anayetumia bega la kulia, linalia kama panzi mchana na usiku hadi leo. Wajukuu wangu wakininong'oneza upande huo siwasikii. Weka vizibo vya sponji ndani ya sikio, juu yake vifuniko. Vyote viwili, kila mara, na mtoto akikaribia hata yadi 50, naye avae.

Mkanda watu wanauona pambo. Utakapokuwa unaburuta nguruwe, au unafungua geti huku mbuzi wanakukimbilia miguuni, utaelewa kwa nini nimeutanguliza mbele ya darubini. Bunduki iliyofungwa begani haiegemezwi kwenye nguzo ikaanguka.

Ukipata fedha nyingine, labda baada ya miezi sita, nunua saiti ya doti nyekundu, za dola 120 hadi 150 siku hizi ni nzuri. Unaweka nukta juu ya unachokilenga, macho yote mawili wazi. Kwa nguruwe wa yadi 60 inatosha kabisa. Darubini ya kukuza mara sita ni ya mtu mwenye ranchi, anayeona mbali.

Risasi za mazoezi zimefunikwa shaba ngumu mwili mzima, ni za bei nafuu, na hizo ndizo za kutobolea karatasi. Usimwindie mnyama. Zinapita moja kwa moja, zinatoka upande wa pili na kuendelea na safari. Kwa nguruwe na kulungu nunua boksi moja la zenye ncha laini, zinazofunguka ndani. Ni ghali, ila 20 zitakutosha msimu mzima ukilenga vizuri, nyuma kidogo ya bega. Na siku ukihamia jimbo jingine usidhani sheria ni hizi hizi: Illinois na Washington zilipiga marufuku uuzaji wa AR mwaka 2023, na Pennsylvania hairuhusu nusu-otomatiki kwa kulungu.

Kabla ya kufyatua hata moja, chukua somo la uwindaji la jimbo. Aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 analihitaji ili awinde Texas. Ni kweli kwamba tangu 2019 nguruwe pori kwenye ardhi binafsi hawahitaji leseni ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi, na koyoti anayeshambulia mifugo hivyo hivyo. Lisome hata hivyo. Gobore lilikufundisha ujasiri, halikukufundisha sefti, kile kizuizi cha kufyatuka, wala magazini. Jambo linalowaangamiza wengi ni kuchomoa magazini na kudhani bunduki ni tupu, kumbe moja bado iko kwenye chemba. Unavuta kitasa nyuma, unatazama kwa jicho, unaingiza kidole. Mtutu hauelekei kwa mtu kamwe, hata ukiwa na uhakika ni tupu. Kidole hakigusi triga mpaka saiti ziko kwenye kitu ulichoamua kukipiga.

Siku ya kwanza nenda uwanja wa shabaha na risasi 40, zaidi ya hapo utachoka na utaanza kufumba macho. Sawazisha saiti kwa yadi 50. Ukizisawazisha hapo, risasi inakutana tena na mstari wa macho yako karibu na yadi 200, na katikati haipandi kwa kiasi cha kukukosesha nguruwe. Ila kumbuka saiti za AR ziko juu ya mtutu kwa inchi mbili na nusu hivi, kwa hiyo mnyama akiwa hatua kumi, risasi itaingia chini ya unapolenga. Ukirudi nyumbani, safisha na paka mafuta kwenye bolti, kile chuma cha ndani kinachokwenda mbele na nyuma. AR kavu inakwama, watu wanakilaumu kiwanda bure. Usiku, mwaka huu wa kwanza, usipige kabisa. Macho mekundu gizani yanaweza kuwa ya mbuzi wako.

Nimeacha la mke wako mwisho kwa kuwa ndilo zito, na sikutaka ulisome kwa haraka ukiwahi bei.

Hutaificha kwenye banda. Kwanza, mtoto wa miaka 8 anajua kila pembe ya banda la mbuzi kuliko wewe. Texas inamhesabia kosa mtu mzima anayeiacha bunduki iliyo tayari kufyatuliwa mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anapoweza kuifikia, na hukumu yoyote ya silaha nimeshakuambia inaweza kukufanya nini. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, huyo ni mama aliyekimbia na roho yake mkononi. Kwake mlio wa bunduki una majina ya watu ndani yake. Siku atakayoikuta, na ataikuta, hataona kifaa cha kulindia mbuzi. Ataona kwamba mtu anayelala naye kitanda kimoja amemletea Uvira nyumbani na kumficha.

Kuna jambo watu wetu hatulisemi kwa sauti. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua wenyewe. Mwaka 2021 vilikuwa 48,830, na kati ya hivyo 26,328 ni vya kujiua. Mwenye jeraha moyoni akipata dakika kumi mbaya huku kabati liko wazi, hakuna wa kumrudisha. Simsemei mke wako, simjui. Nasema kila nyumba ijiulize: kati yetu nani yuko kwenye shida sasa? Wewe mwenyewe pia, jiulize. Mambo yakimzidi mtu yeyote kwenu, namba ni 988, saa zote, simu au ujumbe, na bunduki ikakae kwa muda mbali na nyumba.

Kaa naye jioni mtoto akiwa amelala. Usimweleze bunduki. Muulize tu, halafu nyamaza, hata anyamaze siku mbili nyingine. Akisema hapana, mpwa wangu, basi ni hapana, na dola zako 900 zinatosha uzio mzuri na punda, na nguruwe utamwomba jirani mwenye mtego wa chuma aulete, wengi wanapenda kusaidia. Akisema sawa, muulize kabati likae wapi, na achague yeye. Risasi zikae mahali pengine zikiwa na kufuli lake. Mdogo wako asijue namba wala funguo zilipo, mweleze sababu wazi, ni kumlinda yeye na viza yake.

Somo la uwindaji mnaweza kwenda wote wawili. Kukaa darasani hakumlazimishi kushika kitu. Nimewahi kuwa na mama mmoja wa Bukavu aliyekaa safu ya nyuma siku nzima mikono kifuani, akaondoka bila kugusa. Wiki iliyofuata alinipigia simu kuuliza jinsi ya kuthibitisha kwamba chemba ni tupu, kwa sababu alitaka kuweza kumkagua mumewe.

Nisalimie mama watoto, na umwambie barua hii anaweza kuisoma yote. Nikisikia mmeamua punda, niandikie, namjua mzee upande wa Sweetwater anayewauza waliokwisha kuzoea mbuzi.

Mjomba